Arobaini ya Mzazi na Kikapu cha Majani Chai



Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi kina mama na mabinti zetu, safu yetu wiki hii inapanda bara mpaka Kericho na Bomet. Huko kuna familia za Kiislamu, na wamo pia mabinti wa pwani walioolewa mbali na mama zao. Swali linaloulizwa katika nyumba hizo kila apatikanapo mtoto ni hili: mzazi, kama sisi wa pwani tumwitavyo mama aliyejifungua karibuni, alale mpaka arobaini itimie kama tulivyolelewa, au ainuke mapema kama wengi wa jirani zake, ambao kazi ya majani chai haiwangojei? Na akiinuka, aufanyie nini mwili wake ili upone vyema?

Jibu letu tutaliweka wazi tangu mwanzo, kisha tulieleze. Kulala tu si kupona, na kazi si mazoezi. Mwili uliozaa wahitaji mwendo, lakini mwendo wa ngazi kwa ngazi. Anayemlaza mzazi siku arobaini bila kunyoosha mguu amekosea, na anayemtwika kikapu kabla misuli yake haijashikana amekosea zaidi.

Nchi yenyewe

Mji wa Kericho umekaa kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ni za baridi, alasiri nyingi ni za mvua, na mvua ya mawe si jambo geni. Mashamba makubwa ya chai yalianza huko katika miaka ya 1920. Wakulima wadogo nao waliwekewa shirika lao, KTDA, mwaka 1964. Majani ya chai huchumwa mwaka mzima, tofauti na mahindi au korosho, na kwa hiyo haupatikani msimu ambao mama aweza kusema shamba limelala nami nilale. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na siku asiyochuma haina kipato.

Kwa sababu hiyo husikika maneno haya: mwanamke anayepanda na kushuka vilima siku nzima ana haja gani ya mazoezi? Hapo ndipo kosa lilipo. Mazoezi hufuata kipimo, huanza na kilicho chepesi, na humwacha mtu apumzike mwili unapotaka. Kazi ya shamba haina hayo. Kikapu kilichojaa majani hufika kilo 10 na zaidi, sawa na watoto wachanga watatu kwa pamoja, na hubebwa mgongoni juu ya njia ya utelezi. Uzito huo hushuka wote juu ya ile misuli ambayo uzazi umeidhoofisha.

Yaliyopita mwilini

Tuufahamu mwili kabla ya kuuamrisha. Kizazi, mara baada ya mtoto kutoka, huwa na uzito unaokaribia kilo 1. Huchukua kiasi cha wiki sita kurudi katika hali yake ya gramu chini ya 100. Misuli miwili mirefu ya tumbo, iliyoachana ili kumpisha mtoto, hurudiana taratibu. Kano za nyonga zilizolegea kwa ajili ya uzazi hubaki laini kwa miezi kadhaa. Na chini kabisa, kuanzia mfupa wa mbele hadi wa nyuma, iko misuli iliyotandazwa mfano wa kitanda cha kamba, ambayo hushikilia kibofu, kizazi na utumbo. Hiyo ndiyo misuli ya sakafu ya nyonga. Katika uzazi wa kawaida huvutwa mno, na wakati mwingine huchanika.

Sakafu hii isipotunzwa, mama huanza kuvuja mkojo akikohoa, akicheka au akiinua ndoo. Wengine huhisi uzito unashuka ukeni, kama kitu kinataka kutoka. Huko ndiko kushuka kwa kizazi. Wengi hunyamaza kwa haya. Kwa mwanamke wa Kiislamu liko na jingine linalomhuzunisha: udhu wake na sala yake. Tunawajua kina mama wanaochelewesha sala, au kuiacha, kwa kudhani hawana tahara tena. Dada zetu, msifanye hivyo. Mafakihi wameeleza hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu: hujisafisha, hujihifadhi kwa kitambaa au sodo, hutia udhu baada ya wakati wa kila faradhi kuingia, kisha huswali. Muulizeni mwalimu mnayemwamini awafafanulie. Na pamoja na hukumu hiyo, jueni kwamba kuvuja huku si adhabu wala si fungu la kila aliyezaa. Mara nyingi huondoka au hupungua sana kwa mazoezi tutakayoyaeleza hapa.

Arobaini na maana yake

Tusichanganye mambo mawili. Nifasi ni hukumu ya damu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa watu wa pwani, kwa kawaida huwa siku 40 na upeo wake ni siku 60. Ikikatika kabla ya hapo, mama huoga na kuswali. Arobaini ya ada ni heshima ya jamii: mzazi kupikiwa, kukandwa, kufunikwa, kuondolewa mzigo wa nyumba. Ada hii ni njema, na laiti kila mama wa Kericho angeipata. Lakini hakuna hukumu wala ada iliyosema mzazi asitikise kiungo. Mama asiyeondoka kitandani yumo hatarini, kwa kuwa katika wiki sita za mwanzo damu huwa nyepesi kuganda ndani ya mishipa ya miguu, na kulala bila mwendo huzidisha hatari hiyo.

Ziko pia ada za kuangaliwa. Mkaja wa kufunga tumbo husaidia mgongo ukifungwa kwa wastani. Ukikazwa mpaka pumzi ipatikane kwa taabu, husukuma uzito chini kwenye sakafu ya nyonga na kuidhoofisha. Maji ya kukandia yawe ya uvuguvugu, na mshono wa upasuaji usikandwe kabisa. La hatari kuliko yote ni jiko la makaa. Baridi ya Kericho huwashawishi watu kulifungia chumbani pamoja na mama na mtoto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Mvisheni mzazi sweta na soksi, mfunikeni blanketi, na jiko libaki nje.

Ngazi ya kwanza: siku za mwanzo hadi wiki ya pili

Aliyejifungua salama aweza kuanza siku ile ile au ya pili yake. Alale chali, magoti ameyakunja, avute pumzi polepole mpaka tumbo liinuke, kisha aitoe taratibu. Azungushe vifundo vya miguu na kuvuta vidole juu na chini mara nyingi kwa siku, ili damu itembee. Kila saa chache asimame, atembee chumbani au uani.

Kisha aanze zoezi la sakafu ya nyonga. Akaze kana kwamba anazuia upepo na mkojo kwa wakati mmoja, avute juu kwa ndani, ahesabu hadi tano, kisha aachie kabisa na ahesabu tena hadi tano. Afanye mara kumi, mara tatu kwa siku. Asizuie pumzi, asikaze mapaja wala makalio. Wala asiligeuze kuwa mazoea ya kukatiza mkojo akiwa msalani. Mwanzoni atahisi hapana kitu. Aendelee, misuli hukumbuka kazi yake. Zoezi hili laweza kufanywa wakati wa kumnyonyesha mtoto, na hakuna atakayejua.

Aliyezaa kwa upasuaji naye asilale tu. Hospitali humwinua kwa kawaida ndani ya siku moja. Akitaka kuondoka kitandani, ageuke ubavu kwanza kisha ajiinue kwa mikono. Akikohoa, auzuie mshono kwa mto. Kwa wiki sita asiinue kitu kizito kumshinda mtoto wake.

Ngazi ya pili: wiki ya pili hadi ya sita

Hapa kutembea ndiko dawa. Aanze dakika tano au kumi kwenye ardhi tambarare, aongeze kidogo kidogo, akilenga dakika thelathini. Katika nchi ya vilima achague njia isiyo na mteremko mkali, avae viatu vyenye kushika, na atoke asubuhi jua likishapanda, kabla ya mvua ya alasiri. Damu ya uzazi ikirudi kuwa nyekundu na nyingi baada ya kuwa imepungua, hiyo ni ishara kwamba amepita kipimo. Arudi nyuma ngazi moja.

Aongeze na zoezi la kiuno: alale chali magoti yamekunjwa, akandamize kiuno sakafuni akitoa pumzi, aachie, mara kumi. Kisha ateleze kisigino kimoja mbele na kukirudisha, kwa zamu. Aepuke kabisa lile zoezi la kuinua kiwiliwili kutoka chini kwa nguvu. Mengi hulifanya kwa pupa ya kupunguza tumbo, kumbe huzidi kuitenganisha misuli.

Aliyetoharika na kurudi katika sala, akihisi maumivu, aswali kwa kukaa. Dini ina wepesi. Akiweza rukuu na sujudi, ashuke na kuinuka kwa utulivu akitoa pumzi. Sala ni ibada na hatuiiti mazoezi, lakini utulivu wake haumdhuru mzazi.

Ngazi ya tatu: baada ya wiki ya sita

Mtoto hupelekwa kliniki ya chanjo akiwa na wiki sita. Mara nyingi mtoto hupimwa, hudungwa sindano, na mama hurudi nyumbani bila kuulizwa lolote. Mama mwenyewe aseme: na mimi nipimwe. Aeleze kuhusu mshono, mkojo, choo, maumivu na huzuni kama ipo. Hospitali za rufaa za kaunti, ile ya Kericho na ile ya Longisa huko Bomet, na hata vituo vidogo, ndipo pa kuanzia. Sikukuu ya Mashujaa ya Oktoba 20, 2023, iliyofanyika mjini Kericho, ilibeba mada ya afya kwa wote. Basi mama asione haya kudai sehemu yake katika afya hiyo.

Tumbo laweza kupimwa nyumbani pia. Alale chali, magoti juu, ainue kichwa kidogo, aguse kwa vidole juu ya kitovu. Nafasi kati ya misuli ikipita vidole viwili, amwone mtaalamu wa tiba ya viungo kabla ya kuinua mizigo.

Akiwa salama, aongeze mazoezi ya nguvu: kusukuma ukuta kwa mikono, kukaa na kuinuka kwenye kigoda mara kumi, kulala chali na kuinua nyonga. Kukimbia na kuruka kungoje mpaka wiki ya 12 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewashauri waja wazito na waliojifungua wafikie dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwendo huo wa wastani haupunguzi maziwa ya mama.

Siku ya kukirudia kikapu

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kazini kwake. Baba naye ana wiki mbili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea na atoe muda wa kufanya hivyo. Ajuaye haki yake huidai kwa adabu, na huiandika.

Lakini mama anayechuma katika shamba dogo la familia yake hana mwajiri wa kumpa likizo. Sheria yake ni watu wa nyumba yake. Tunawaambia waume na mama wakwe kwa heshima: wiki sita za mwanzo mzazi asibebe kikapu, asichote maji ya mtungi, asipasue kuni. Akianza, aanze na kikapu nusu, akimwage mara kwa mara, na mwingine ambebee hadi kituo cha kuuzia majani. Kila ainuapo mzigo, akunje magoti, akaze sakafu ya nyonga, atoe pumzi, ndipo ainuke. Kikapu kamili kisubiri mpaka apite wiki ya 12 bila kuvuja na bila uzito wa chini. Kilo chache zitakazopotea shambani ni nafuu kuliko kizazi kilichoshuka na matibabu ya miaka.

Suratul Baqara, aya ya 233, imemwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye. Katika nchi ya baridi, sweta na viatu vimo katika mavazi hayo. Katika chakula, uji wa wimbi, maziwa, mursik, managu, maharagwe, mayai na nyama ni neema za huko huko. Kuna jambo moja ambalo nchi ya chai hulisahau: chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma, nayo ndiyo yaletayo damu. Mzazi aliyepoteza damu akae saa moja au zaidi baada ya kula, ndipo anywe chai yake. Na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa avimalize.

Moyo wa mzazi

Katika siku za mwanzo mama wengi hulia bila sababu, na hali hiyo hupita ndani ya wiki mbili. Ikipita wiki mbili akiwa bado amezama, hali wala halali hata mtoto akilala, au haoni ladha ya mtoto, huo ni ugonjwa. Si ukosefu wa shukurani wala imani haba. Binti aliye mbali na mama yake, ndani ya nyumba iliyofungwa kwa mvua, yumo hatarini zaidi. Mpigieni simu kila siku. Jirani wa Kikipsigis amualike watembee pamoja asubuhi, kwani mwendo na mwenzi vyote viwili hutuliza moyo. Na dawa ya hospitali isidharauliwe. Sayyidatuna Maryam mwenyewe, katika uchungu wake chini ya mtende, alihuzunika hata akatamani asingekuwapo. Hakulaumiwa, aliliwazwa, akapewa tende na maji.

Dalili zisizongoja

Mpelekeni mzazi hospitali mara moja, usiku au mchana, mkiona mojawapo ya haya: damu inayojaza sodo ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu mbaya au mshono uliovimba na kutoa usaha, mguu mmoja uliovimba na kuuma, maumivu ya kifua au pumzi kukatika, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, degedege, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto. Hapo mazoezi yamekwisha, na maombi ya nyumbani yaende pamoja na gari.

Kina mama wa pwani, mkienda kumwona binti aliyejifungua bara, msipeleke leso na udi peke yake. Mshikeni mkono mtoke naye nje, mtembee dakika kumi, na muulizeni kwa upole kuhusu lile analoliona haya kulisema. Waume zetu, siku hiyo kikapu kiwe mgongoni mwenu.

Allah awape wazazi wote shifaa, awalee watoto wao katika kheri, na azijaze nyumba zetu huruma. Amin.